UZI: Afisa masoko wa Mbeya au Iringa unayetaka kwenda kufanya kazi nje, pita hapa kabla hujampa mtu hela

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Kamwene kwa watu wa Iringa na Njombe, ndaga kwa wa Rungwe na Kyela.

PM zangu zimejaa swali lilelile: "Niko Mbeya, nina digrii ya masoko, nina uzoefu, nataka Kanada." Mwingine Uingereza, mwingine popote mradi ndege inafika. Kujibu mmoja mmoja kumenishinda, naandika hapa mara moja, mwenye nyongeza aweke.

Kwa wasionijua: nilikuwa afisa masoko wa kampuni ya pembejeo, ofisi Uyole, ruti zangu Mbozi, Mbarali mpaka Makambako. Sasa niko Ujerumani kwenye timu ya matangazo ya mtandaoni. Si wakala, sina ofisi, sipokei hela ya mtu.

Tuanze na lisilopendeza. Muuguzi, fundi umeme, mtu wa kompyuta, hao nchi nyingi zinawasaka. Sisi wa masoko hatumo kwenye wanaosakwa. Kila nchi ina vijana wake waliosoma masoko na wanaojua utani, mila na lugha ya wateja wao tangu utotoni. Mwajiri wa Manchester akubebe wewe wa Mwanjelwa, aingie gharama za viza, lazima uwe na kitu ambacho hakioni mtaani kwake.

Sasa kipi? Kusimamia promosheni stendi, kufunga mabango, kuzungusha gari la matangazo na kuwajua madila wote kuanzia Tunduma hadi Igawa ni ujuzi mkubwa sana, lakini unaishia mpakani. Kinachovuka ni kile kinachosomeka kwa namba: kuendesha matangazo ya Google na Meta kwa bajeti halisi, kuchambua takwimu za wateja, kufanya tovuti ipatikane kwenye utafutaji, kusimamia mifumo ya taarifa za wateja, utafiti wa soko. Mtu akikuuliza "mlitumia kiasi gani, mkapata wateja wangapi, kila mteja aliwagharimu kiasi gani?" na ukajibu bila kukuna kichwa, hapo tunaweza kuanza kuongea viza.

Nitakwenda nchi moja moja. Maswali ruksa.

#2 Mdau wa Mafiat

Naweka kambi hapa. Mkuu anza na Kanada, ndiko wengi wanakotajiwa.

#3 Mleta uzi

Sawa, Kanada.

Mfumo wao mkuu unaitwa Express Entry, umekuwepo tangu Januari 2015. Kwa mtu aliyeko Tanzania ambaye hajawahi kufanya kazi Kanada, mlango ni Federal Skilled Worker. Unatakiwa upate pointi 67 kati ya 100 ili uruhusiwe kuingia kwenye kapu (orodha ya wanaosubiri kuitwa), uwe na angalau mwaka mmoja mfululizo wa kazi ya ujuzi, digrii yako ifanyiwe tathmini na taasisi wanayoitambua (wengi hutumia WES, shirika la kutathmini vyeti), na ufanye mtihani wa lugha. Pia uonyeshe akiba. Kwa mtu mmoja kiwango cha 2025 kilizidi dola 15,000 za Kanada, iwe hela yako, si ya kuazima ikae wiki moja kwenye akaunti halafu irudi kwa mwenyewe.

Ukishaingia kwenye kapu unapangwa kwa pointi nyingine, CRS, ambazo mwisho wake ni 1,200. Hapa ndipo mawakala hawakwambii hesabu. Chukua kijana wa miaka 29, hajaoa, digrii moja, uzoefu wa miaka mitatu nyumbani, na IELTS (mtihani wa Kiingereza) ya kutisha: kusikiliza 8, kusoma 7, kuandika 7, kuongea 7. Umri unampa 110, digrii 120, Kiingereza 124. Mchanganyiko wa digrii na Kiingereza 25, uzoefu na Kiingereza 50. Jumla 429.

Sasa angalia walioitwa. Raundi za 2025 za watu wenye uzoefu wa kazi ndani ya Kanada zilikuwa zaidi ya 500. Pointi za kuwa na ofa ya kazi walizifuta Machi 2025. Raundi za makundi maalumu ni za afya, ufundi, elimu na kadhalika, masoko hayamo. Kwa hiyo 429 inakaa kwenye kapu mwaka mzima, kisha inaisha muda wake.

Upenyo mkubwa uliobaki ni Kifaransa. Machi 2025 raundi ya wanaojua Kifaransa ilishuka hadi 379. Kijana wetu wa 429, akifikisha kiwango cha 7 cha Kifaransa katika stadi zote nne, anaongezewa 50 na ushee na anaingia kwenye raundi ambazo foleni yake ni fupi. Ni kazi ya mwaka na zaidi ya kusoma kwa bidii, na mtihani wenyewe, TEF au TCF, si wa kubahatisha. Lakini kwa maoni yangu, mtu wa masoko mwenye miaka 25 anayeota Kanada na hataki kuanza Kifaransa hajaamua bado.

#4 Kijana wa Kihesa

Duh. Kuna jamaa hapa Iringa anasema ananipatia "LMIA" ya Kanada kwa milioni kadhaa, kazi ya "Marketing Officer". Nusu kabla, nusu viza ikitoka.

#5 Mleta uzi

Usitoe hata mia. LMIA ni kibali ambacho mwajiri wa Kanada anaomba mwenyewe na analipia mwenyewe, na ni marufuku kumdai mfanyakazi gharama hiyo. Anayekuandalia mambo ya uhamiaji wa Kanada kwa malipo lazima awe mwanasheria wa huko au mshauri aliyesajiliwa na chombo chao, College of Immigration and Citizenship Consultants, na daftari la majina liko wazi mtandaoni. Mwambie akupe namba yake ya usajili. Uone kama simu itapokelewa tena.

Na kwa hapa nyumbani, wakala binafsi wa ajira anatakiwa awe na leseni ya serikali. Akikuonyesha karatasi, usiishie kuiangalia muhuri. Nenda kaulize TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira.

#6 Dada wa Soweto Mbeya

Mleta uzi ubarikiwe. Mimi cheo changu kwenye mkataba ni "Sales and Marketing Officer", kampuni ya vinywaji. Hicho kinahesabika kama masoko?

#7 Mleta uzi

Dada yangu, hili swali ndilo linalowaangusha wengi kuliko IELTS. Naomba watu wasilipite haraka.

Nchi hizi hazisomi cheo, zinasoma majukumu. Kanada ina orodha ya kazi yenye namba. Mtaalamu wa matangazo, masoko na uhusiano wa umma ni 11202, daraja la 1. Meneja wa masoko ni 10022, daraja la 0. Lakini mwakilishi wa mauzo wa jumla ni 64101, na huyo yuko daraja la 4, ambalo Express Entry haipokei. Sasa wewe asubuhi unatoka na gari, unapita maduka ya Sae, Kabwe, Mwanjelwa, unachukua oda, unakusanya madeni, jioni unaripoti tageti. Kwa macho yao umeuza. Haijalishi kadi yako imeandikwa nini.

Australia nao wako hivyohivyo. Marketing Specialist kwao ni namba 225113, anatathminiwa na VETASSESS, taasisi yao ya kupima ujuzi, na wanaangalia kama ulipanga mkakati, ulifanya utafiti wa soko, ulisimamia kampeni na kupima matokeo.

Siwaambii mtunge. Kutunga majukumu ni udanganyifu, na Kanada ikikukamata inakufungia miaka mitano. Ninachosema, kama kweli umekuwa ukifanya kazi za masoko ndani ya hicho cheo cha mchanganyiko, zianze kuonekana kwenye maandishi sasa hivi, ukiwa bado kazini. Muombe bosi akupe mradi wa kampeni uusimamie mwanzo hadi mwisho. Ripoti iwe na jina lako. Tathmini yako ya mwaka iutaje.

Na barua ya uthibitisho wa kazi isiwe ile ya mistari mitatu ya "To whom it may concern, huyu ni mwaminifu na mchapakazi". Wanataka karatasi yenye nembo, tarehe ya kuanza na kumaliza, masaa kwa wiki, mshahara, majukumu yaliyochambuliwa, jina na cheo cha anayesaini, simu na barua pepe ya ofisi inayopokelewa. Barua pepe ya Gmail ya bosi inaleta maswali. Pembeni yake weka salari slipu, taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia, na taarifa ya michango ya NSSF.

Kuna aliyenitumia barua yake juzi tuitazame. Majukumu yote kumi yamenakiliwa neno kwa neno kutoka tovuti ya serikali ya Kanada, mpaka ile koma. Hao maofisa wanaijua tovuti yao, jamani.

#8 Mwana Mafinga

Hahaha, mpaka koma.

Mimi niko kampuni ya mbegu, nina digrii ya kilimo ila nafanya mauzo ya kitaalamu, nafundisha wakulima na kuuza. Nimeingia daraja la 4?

#9 Mleta uzi

Hapana, yako inaweza kuwa 62100, wauzaji wa kitaalamu wa jumla, daraja la 2. Hiyo inapokelewa. Soma maelezo yake mwenyewe uone kama ni kazi yako kweli. Ila pointi za CRS zinabaki zilezile nilizopiga hapo juu, kwa hiyo Kifaransa hakikuachi.

Niendelee.

Uingereza. Viza ya Skilled Worker ilianza Desemba 2020, na wengi bado wanazunguka na taarifa za enzi hizo. Aprili 2024 mshahara wa chini ulipanda kutoka pauni 26,200 hadi 38,700 kwa mwaka. Tarehe 22 Julai 2025 ukapanda tena hadi 41,700, na ngazi ya kazi ikapandishwa iwe ya digrii kwenye njia ya kawaida. Walio chini ya miaka 26 au wanaotoka masomoni hukohuko wana kiwango cha punguzo, 33,400. Kiingereza nacho kimepandishwa hadi B2 kuanzia Januari 2026 (ngazi za lugha za Ulaya zinaanzia A1 chini hadi C2 juu). Fikiria: kazi nyingi za masoko za mtu anayeanza hazilipi 41,700 nje ya London. Kwa hiyo viza hii imebaki kwa watu wa ngazi ya juu kidogo, na kampuni lazima iwe na leseni ya udhamini. Orodha ya kampuni zenye leseni iko GOV.UK, bure. Kabla hujaomba kazi popote, tafuta jina lao humo. Halimo? Pita.

Gharama inayowashtua watu ni ya huduma ya afya, pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na inalipwa yote mwanzoni. Viza ya miaka mitatu, piga mwenyewe. Ada ya hati ya udhamini ni ya mwajiri, haruhusiwi kukurudishia mzigo huo.

Australia nimeigusa. Kwa Marketing Specialist njia halisi ni viza 190 (jimbo linakupendekeza, unaongezewa pointi 5) au 491 (maeneo ya nje ya miji mikubwa, pointi 15). Chini ya miaka 45, pointi zisipungue 65, ingawa 65 peke yake haikufikishi popote. Kila jimbo lina orodha yake na inabadilika, leo Tasmania wapo, kesho hawapo. VETASSESS wanataka kazi ya kulipwa ya fani hiyo angalau mwaka mmoja ndani ya miaka mitano ya mwisho, masaa 20 kwa wiki au zaidi. Ni njia ya mtu mvumilivu mwenye akiba.

Marekani naipita. H-1B, viza yao ya kazi, ni bahati nasibu, na tangu Septemba 2025 kuna ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje. Hakuna mtu atakulipia hiyo kwa kazi ya masoko.

#10 Mzee wa Tukuyu

Nimewasoma vijana wangu. Swali la mzee: kwa nini usikae Rungwe ukauza parachichi nje ya nchi? Masoko si ndiyo hayo? Tunda linakwenda Ulaya, wewe unataka kulifuata.

#11 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni zuri na halina kejeli. Aliye na shamba au mtaji, na amejua kuongea na wanunuzi wa Ulaya, hana haja ya uzi huu. Ila wengi wanaoniandikia hawana shamba wala mtaji, wana mshahara wa laki nne na mkataba unaohuishwa kila miezi sita. Siwezi kumwambia huyo abaki kwa sababu parachichi lina bei. Na nikuambie, aliyewahi kupanga soko la parachichi au kahawa ya Mbozi kwa wanunuzi wa nje, akaandika barua pepe zake mwenyewe, akashughulikia vyeti vya ubora, huyo usaili wa huku anafika na hadithi ya kueleza kuliko aliyekaa ofisini Dar.

#12 Mdau wa Mafiat

Marahaba ya mzee tunaipokea kwa niaba 😄. Ujerumani sasa, uliko wewe.

#13 Mleta uzi

Ujerumani kuna kadi inaitwa Chancenkarte, ilianza tarehe 1 Juni 2024. Inakuruhusu kuja kutafuta kazi kwa mwaka mmoja bila kuwa na mwajiri, na ndani ya mwaka huo unaweza kufanya kibarua hadi masaa 20 kwa wiki, pamoja na kazi ya majaribio.

Kuna njia mbili. Kama digrii yako inatambulika kikamilifu kule, unaingia kama mtaalamu bila kuhesabu pointi. Angalia kwenye hifadhidata yao ya Anabin: chuo chako kimepewa alama gani, na aina ya digrii yako inalingana na ipi ya kwao. Mzumbe, Chuo Kikuu cha Iringa, TEKU, popote uliposoma, tafuta kwa jina, na jina la zamani pia, maana vyuo vyetu vimebadilisha majina. Kama chuo au digrii haipo, unaomba tathmini ya ZAB, ofisi yao ya kutathmini vyeti vya nje.

Njia ya pili ni pointi 6. Lazima digrii yako itambulike na serikali yako, na uwe na Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2. Halafu unahesabu: chini ya miaka 35, pointi 2. Uzoefu wa miaka miwili ya fani yako ndani ya mitano iliyopita, pointi 2. Kijerumani A2, pointi 1. Kiingereza C1, pointi 1. Tayari 6. Kijana wa kawaida wa Mbeya mwenye kujituma anazifikia hizo. Hesabu ya Kanada ilimkataa, hii inamkubali.

Kikwazo ni hela. Lazima uonyeshe utaishi vipi. Kiwango cha 2025 kilikuwa yuro 1,091 kwa mwezi, mara kumi na mbili ni yuro 13,092, zaidi ya milioni 35 za kwetu, inakaa kwenye akaunti iliyofungwa na unapewa kidogo kidogo kila mwezi. Ukiwa na mkataba wa kibarua tayari, au mtu huko aliyekuwekea dhamana rasmi, unapunguza mzigo huo. Maombi yanapita ubalozi wao Dar.

Na sasa naongea kama mtu aliyeko ndani. Kadi itakuleta, lakini kazi ya masoko bila Kijerumani ni chache mno. Berlin na Munich zipo kampuni zinazofanya kazi kwa Kiingereza, na kila tangazo lao linaombwa na dunia nzima. Mimi niliingia kwa sababu ya kuchambua takwimu za kampeni, sehemu ambayo hainilazimu kuandika tangazo la Kijerumani. Mwenzangu anayeandika matangazo yenyewe ana Kijerumani kuliko baadhi ya Wajerumani. Ukija na A2, panga kwamba miezi ya kwanza ni darasa na kibarua, usije ukijidanganya ni usaili. Goethe-Institut ipo Dar, na makanisa ya kwetu, Moravian na KKKT, yana uhusiano wa miaka mingi na Wajerumani. Kuna wamisionari wastaafu na wanafunzi wa kujitolea wanaofurahi sana kumpata mtu wa kuongea naye. Tumieni hiyo.

Njia nyingine ni shahada ya pili hukuhuku. Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo (Baden-Württemberg inatoza wasio wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula), na ukimaliza una miezi 18 ya kutafuta kazi. Uingereza pia inatoa muda baada ya masomo, ila watakaoomba kuanzia Januari 2027 watapata miezi 18 badala ya miaka miwili, na ada zake mnazijua. Chevening, ule ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, ni nzuri, lakini mkataba wake unakutaka urudi nyumbani miaka miwili. Msiichanganye na kuhama.

#14 Dada wa Soweto Mbeya

Dubai je? Rafiki yangu yuko huko, anasema wala haulizwi IELTS.

#15 Mleta uzi

Ni kweli, Dubai haina mambo ya pointi. Mwajiri akikutaka anashughulikia kibali, na sheria yao inakataza mfanyakazi kutozwa ada ya kuajiriwa. Hakuna kodi ya mapato kwenye mshahara. Kwa mtu wa mauzo ambaye Kanada imemweka daraja la 4, Dubai ndiko anakolipwa, maana wanathamini mtu anayeleta oda. Ubaya wake, ukaazi wako umeshikana na ajira. Kazi ikiisha, muda wa kuondoka unaanza kuhesabiwa, na usitegemee uraia. Wenye mshahara wa dirham 15,000 na kuendelea pamoja na digrii wana Green Visa ya miaka mitano isiyomtegemea mwajiri mmoja. Dada, kwa historia yako ya vinywaji, ningeanza huko.

#16 Kijana wa Kihesa

Kuhusu uraia, nikipata ukaazi wa kudumu Ujerumani au Kanada napoteza wa Tanzania?

#17 Mleta uzi

Hapana. Viza ya kazi na ukaazi wa kudumu haviugusi uraia wako. Shida inaanza ukichukua uraia wa nchi nyingine ukiwa mtu mzima, sheria yetu haitambui uraia pacha.

#18 Mwana Mafinga

La mwisho kwangu. Kampuni niliyofanyia miaka mitatu ya kwanza ilishafunga ofisi, wenyewe hawapatikani. Hiyo miaka imekufa?

#19 Mleta uzi

Haijafa. Mtafute aliyekuwa msimamizi wako, hata kama sasa yuko kampuni nyingine, aandike maelezo ya kazi uliyofanya na aape mbele ya wakili, aambatishe ushahidi kwamba naye alikuwa mwajiriwa hapo. Wewe weka mkataba wa zamani, taarifa za benki za miezi hiyo, barua ya kupandishwa au kuhamishwa kituo, na karatasi ya maelezo inayosema kampuni ilifungwa. Kisha nenda NSSF Iringa uombe taarifa ya michango. Inaonyesha jina la mwajiri na kila mwezi aliokuchangia. Kama hakukuchangia, anza na benki, na ulizia leo kabla hawajaweka rekodi za zamani ghala ambalo karani wa tawi hana ufunguo wake.